Kwa nini kisima cha Jambiani hakikauki, kinageuka chumvi

Ukichimba kisima Jambiani, pwani ya kusini mashariki ya Unguja, hukutani na mto wa chini kwa chini. Unakutana na maji ya mvua yanayoelea juu ya maji ya bahari.

Ndiyo, yanaelea. Mvua za masika na vuli zinapenya kwenye mawe ya matumbawe, ambayo yana matundu kibao. Maji ya bahari nayo yanajipenyeza chini ya ardhi kutoka ufukweni. Kwa kuwa ni mazito zaidi, yanakaa chini, na ya mvua yanabaki juu.

Hapo ndipo penye hesabu ya kushtua. Kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kunakuwa na takriban mita 40 chini yake. Sasa geuza: pampu zikishusha maji kwa sentimita 10 tu, maji chumvi yanaweza kupanda mita 4 hivi. Na hata ukizima pampu leo, chumvi haiondoki kesho.

Nani anavuta zaidi? Mwaka 2012 shirika la Uingereza la Tourism Concern lilitoa ripoti kuhusu Jambiani, Kiwengwa na Nungwi. Kaya ya kawaida ilitumia wastani wa lita 93.2 kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ya wageni: lita 686. Chumba cha hoteli ya nyota tano: hadi lita 3,195. Kwa madumu ya lita 20, kaya nzima haifikishi matano. Chumba kile kinakaribia 160.

Mengi hayanywewi wala hayaogewi. Mtafiti Stefan Gössling, katika utafiti wake wa 2001, alikuta karibu nusu ya maji ya hoteli za pwani ya mashariki yanamwagilia bustani. Majani ya bustani yanaweza kunywa maji yaliyokwishaogewa na kusafishwa, bila kugusa kisima.

Watu nao wanaongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu Wazanzibari milioni 1.3, ya 2022 ikakuta karibu milioni 1.9. Mwaka 2016 India ilikubali kuikopesha Tanzania dola milioni 92 kuboresha mfumo wa maji Zanzibar. Ni jambo jema, ila bomba linahamisha maji tu, halitengenezi mapya.

Kwa ardhi ya mawe kama hii, visima vingi vifupi vinavyovuta kidogo kidogo, mbali na ufukwe, ni salama kuliko kimoja kirefu chenye pampu kubwa. Matangi ya mvua yanasaidia pia. Kuchuja maji ya bahari kunawezekana, lakini kunakula umeme, na yale mabaki ya chumvi kali lazima yamwagwe mahali. Jambiani, mbele ya kijiji ndiko kinamama wanakolima mwani.

Halafu kuna karo. Matundu yanayopitisha mvua ndiyo hayo hayo yanayopitisha maji ya choo, kwa hiyo kibali cha hoteli mpya kinapaswa kuuliza yote mawili: maji yatatoka wapi, na yatakwenda wapi.