Flashi Ikikataa Kusoma, Usikimbilie Kuifomati

Mwezi uliopita nilikuwa Garissa kwa jamaa zangu. Mzee mmoja akanifuata na flashi yenye darsa za marehemu babake. Saiba waliichomeka, kompyuta ikasema ifomatiwe kwanza. Kijana wa pale akamwambia imeuliwa na joto, aifomati tu. Nikasema, "Ngoja, ndugu yangu. Kufomati ni kufuta, na sauti ya marehemu hairekodiwi mara ya pili."

Msomaji, wakati mwingine flashi haijafa, ila haielewani na kompyuta. Kila kifaa cha USB kikichomekwa hujitambulisha kwa namba mbili: ya mtengenezaji na ya aina ya kifaa. Kisha draiva, yaani programu inayozungumza na kifaa hicho, hukiuliza maswali kwa utaratibu uliokubaliwa. Tatizo ni kwamba vifaa vingine hujibu ndivyo sivyo.

Kwa mfano, draiva huuliza: chumba chako cha mwisho ni namba ngapi? Vyumba vya kumbukumbu huhesabiwa kuanzia sufuri, kwa hiyo mwenye vyumba 100 anafaa kujibu 99. Vifaa vingine hujibu 100. Kompyuta ikienda kubisha chumba kisichokuwepo, kifaa huweza kukwama.

Watengenezaji wa Linux walilijua hili zamani. Ndani ya mfumo wao mna faili iitwayo unusual_devs.h, orodha ya vifaa vyenye ila na dawa ya kila kimoja: hiki kipunguzie moja, kile usikiulize swali fulani. Ndiyo sababu mojawapo ya flashi kukataa kompyuta hii na kukubali ile.

Basi ikikutokea, fanya hivi:

1. Ukiulizwa kufomati, kataa.
2. Ichomeke kwenye kompyuta yenyewe, si kupitia waya wa kurefusha. Badilisha tundu pia.
3. Jaribu kompyuta nyingine, hasa yenye mfumo tofauti.
4. Ikifunguka, nakili vyote mahali pawili kabla ya jambo lolote.
5. Ikikataa kote, mpelekee fundi wa kuokoa data. Huenda imeharibika kweli, na hapo draiva haina la kufanya.

Ya mzee ilifunguka kwenye laptopu yangu ya Linux, alhamdulillahi. Tulinakili kwanza, ndipo tukasikiliza.