Tumeishiwa, wala hatujaisha: maana ya "run out"

Juma lililopita tulitazama "run into", yaani kukutana na mtu bila kutarajia. Leo kitenzi ni kile kile. Kineno kinachokifuata ndicho kimebadilika, na maana nzima imehama nacho.

Mwanafunzi wa Lodwar, kaskazini-magharibi mwa Kenya, anajua kwamba "run" ni kukimbia na "out" ni nje. Akisoma kitabuni "the water ran out" anaona maji yakikimbia nje, na simlaumu. Amekulia kando ya mto Turkwel. Ameona laga (mto wa msimu) iliyokuwa mchanga mtupu asubuhi ikishuka jioni na miti mizima, kwa mvua iliyonyesha mbali na macho yake. Maji anayoyajua hukimbia kweli. Lakini sentensi ile inasema kinyume: maji yameisha, hakuna tone.

Kitenzi hiki kina njia mbili. Kitu chenyewe huweza kutangulia: "the sugar has run out", sukari imeisha. Au atangulie mtu, na hapo lazima "of" ifuate kabla ya kukitaja kitu: "we have run out of sugar", tumeishiwa na sukari. Kosa ninalolisikia sana madukani ni la njia hii ya pili. Mteja mgeni anaulizia sukari, na mwenye duka, akiwa na neno "tumeishiwa" kichwani, anajibu "we are finished". Kwa Kiingereza amesema tumekwisha, tumeangamia. Aseme tu "we have run out", inatosha.

Hapa Kiswahili kina hazina ambayo tunaisahau. Isha, ishia, ishiwa: kitenzi kimerefuka mkiani, na aliyepatwa na upungufu amekuwa ndiye anayezungumziwa. Ni ukoo mmoja na kufiwa na kupungukiwa. Mwenye kuishiwa hakutenda lolote, ametendwa. Mwingereza hana mkia huo, kwa hiyo anaweka kineno nje ya kitenzi, na katika sentensi yake mtu anaonekana kama ndiye aliyekimbia. Ukitafsiri neno kwa neno, hutafika. Tafuta kwanza ni nani aliyepungukiwa.

Jambo lililo zito zaidi ni wakati wa kitenzi, na nililiona Kakuma, karibu kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lodwar. Tangu kambi ianzishwe mwaka 1992 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Sudan, mji huo umekusanya lugha nyingi: Kidinka, Kinuer, Kisomali, Kiswahili cha Kongo, Kirundi, Kiamhari, na Kiturkana cha wenyeji. Neno la Kiingereza likitamkwa penye foleni hupitia midomo miwili au mitatu kabla ya kumfikia anayesubiri.

Siku hiyo mhudumu wa bomba alisema, "We are running out of water." Kijana aliyekuwa akitafsiri aligeuka na kutangaza, "Maji yameisha."

Hakudanganya. Alisikia "run" na "out", akafikia mwisho wa jambo. Ile "-ing" haikumshtua. "We are running out" ni kwamba maji yanaelekea kuisha, bado yapo, fanyeni haraka au mjaze kidogo kidogo. "We have run out" ndiyo yameisha. Nyuma ya ile "-ing" kulikuwa na maji ya kuwatosha watu kadhaa.

Akina mama waliokuwa nyuma waliinua mitungi yao ya lita ishirini, mitupu, wakaanza kurudi kwa njia ya laga ya Tarach, ambayo nayo ilikuwa mchanga. Nilipomweleza yule kijana aliwakimbilia akiita. Wawili walisikia wakarudi. Wengine walikuwa wamekwisha kuvuka.