Maficho ya Nyoka na Usalama wa Kaya

Nyoka huishi kwa kujificha. Joto la mwili wake hutegemea mazingira, naye hana miguu wala kucha za kujitetea. Kwa hiyo hutafuta mahali penye giza, pembamba kiasi cha kumgusa mbavuni, na palipo na joto analolihitaji.

Wafugaji wa nyoka hulijua hitaji hilo. Ndani ya kizimba huweka vijumba viwili, kimoja upande wa joto na kingine upande wa baridi, kila kimoja kikimtosha nyoka aliyejikunja. Kikiwapo kimoja tu, nyoka hulazimika kuchagua kati ya usalama na joto la kumsaidia kusaga chakula. Akikosa maficho kabisa, huweza kukataa kula na kuwa mwepesi wa kushambulia.

Yale ambayo mfugaji huyafanya kwa makusudi, kaya nyingi huyafanya bila kujua. Rundo la kuni, matofali yaliyopangwa, mabati yaliyolazwa chini na mashimo ya panya vina sifa zilezile. Nafaka huvuta panya, na panya humvuta nyoka. Kifutu hutulia akifanana na majani makavu, akauma anapokanyagwa. Swila huweza kuingia ndani usiku na kumuuma aliyelala sakafuni.

Kinga huanza kwa kuondoa maficho: kuni ziwekwe juu ya kichanja mbali na nyumba, mashimo yazibwe, nyasi zifyekwe na nafaka ihifadhiwe katika vyombo vyenye mifuniko. Kulala kitandani, chini ya chandarua kilichochomekwa vizuri, huzuia mbu na nyoka pia. Usiku, tochi na viatu ni vya lazima.

Aliyeumwa atulizwe, avuliwe pete na bangili, na kiungo kilichoumwa kifungwe gango kisitikisike. Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe, wala kiungo kisikazwe kwa kamba. Macho yaliyotemewa sumu yaoshwe mara moja kwa maji mengi safi. Kisha mgonjwa abebwe haraka hadi kituo cha afya, nyoka asifukuzwe.

Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliiweka sumu ya kuumwa na nyoka miongoni mwa magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, hukadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka. Kumuua nyoka mmoja na kuliacha rundo la kuni mlangoni ni kumwachia mwingine nafasi.