Kabla ya Kufungua Sanduku: Kufuata Biashara ya Mtu kwenye Simu



Alhamisi iliyopita mkutano wetu ulichelewa kumalizika. Watoto walikuja mpaka mlangoni kuuliza kama leo hatupiki, na sisi bado tulikuwa tunabishana juu ya jambo moja: je, tutoe dola 300 katika sanduku letu la msaada, tuziweke kwenye soko la sarafu za kidijitali, zifuate biashara za kijana wetu mmoja anayeishi Kisangani?

Sanduku hilo tunalijua wote. Si likelemba, kwa maana likelemba inazunguka na kila zamu mmoja wetu anabeba. Sanduku ni la mama anayejifungua kwa upasuaji, la mtoto aliyeshikwa na malaria kali, la msiba unaokuja bila hodi. Siku hiyo lilikuwa na dola 480. Tulizikusanya kwa miaka miwili, kutoka kwenye mawese, samaki, mchele na mikate.

Kijana mwenyewe ni mtoto wa mmoja wetu. Tumembeba mgongoni, tumemchangia minervali. Amekubali tuandike habari hii bila jina lake, na mama aliyepoteza makuta yake amekubali pia. Tunawashukuru wote wawili, kwa sababu wengine wangenyamaza.

JINSI MAMBO YANAVYOFANYWA

Kwenye masoko makubwa ya kripto kuna huduma ya kunakili biashara. Mtu mmoja anakuwa kiongozi. Ananunua na kuuza sarafu kama Bitcoin kwa makuta yake mwenyewe. Wengine, wanaoitwa wafuasi, wanabonyeza kitufe cha kumfuata. Tangu hapo, kila akinunua, akaunti zao zinanunua kwa kipimo chao. Kila akiuza, zinauza. Mfuasi anaweza kuwa shambani au amelala. Kampuni ya eToro ilianza huduma ya namna hiyo mwaka 2010, na leo masoko ya kripto kama Binance na Bybit nayo yanaitoa.

Kiongozi halipwi mshahara. Anakata sehemu ya faida ya mfuasi, mara nyingi moja ya kumi, mahali pengine zaidi. Mfuasi akipata hasara, kiongozi hakati kitu, lakini pia harudishi kitu. Kumbukeni neno hilo, tutalirudia.

Si wizi. Huduma yenyewe ni ya kweli na kuna watu wamepata faida. Ndiyo maana mabishano yetu yalikuwa magumu. Kama ingekuwa wizi wa wazi, tungefunga mkutano mapema.

DOLA 60 ZA MAMA MMOJA

Kabla ya jambo hili kufika kwenye kikundi, mmoja wetu alikuwa ameshajaribu peke yake, kimya. Alichukua dola 60 za mawese, zilizokuwa zimewekwa kwa minervali ya watoto wawili. Alimpa mtu wa Kisangani, akapata USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola. Kisha akabonyeza kumfuata kijana wetu.

Kwa majuma matano mambo yalikwenda vizuri. Dola 60 zikawa 80. Katika faida ile ya dola 20 kiongozi alipata dola 2, zikabaki 78. Mama akaanza kutuambia sokoni kwamba makuta yanaweza kuzaa bila kubeba bidon kichwani. Hapo ndipo wazo la sanduku lilipozaliwa.

Halafu ukaja usiku mmoja wa Jumapili. Simu ya mama ilikuwa imezimika, inangoja jua la asubuhi kwenye panneau ya jirani. Alipoiwasha, rezo nayo ilichelewa mpaka mchana. Alipofungua akaunti, alikuta dola 19.

Bei ya sarafu ilishuka kiasi gani usiku ule? Haikufika asilimia 8. Basi, zaidi ya robo tatu ya akiba ilikwenda wapi?

Jibu ni mkopo wa soko. Kiongozi alikuwa anafanya biashara kwa mkopo wa mara 10. Fikirini mama mwenye dola 10 anayekwenda kwa mwenye depo na kuchukua sukari ya dola 100. Bei ya sukari ikipanda asilimia 10, amepata dola 10 za faida, makuta yake yamekuwa mara mbili. Ikishuka asilimia 10, dola 10 zake zimekwisha zote, na mwenye depo anachukua sukari yake. Kwenye soko la kripto hakuna kumwomba mwenye depo angoje hadi Jumatatu. Mashine inafunga biashara saa ileile, hata kama bei itapanda tena baada ya dakika tano.

Na kupanda tena si kazi ndogo. Ili dola 19 zirudi kuwa 60, zinapaswa kuzaa zaidi ya mara tatu.

KIJANA ALIKUJA MWENYEWE

Tulimwita, naye akaja. Alisafiri kwa moto, nguo zimejaa vumbi, akasalimia kila mama kwa heshima. Hakujitetea kwanza. Alifungua simu yake mbele yetu, tukaona: naye alikuwa amepoteza.

Mama mmoja mzee alimuuliza: “Mwanangu, ulijua kwamba ile ilikuwa minervali?”

Akajibu: “Hapana, mama. Mimi ninaona namba tu. Ninaona watu 37 wananifuata. Sioni majina, sioni ni makuta ya nini.”

Kisha akasema jambo ambalo tulilifikiria usiku kucha. Mwanzoni alikuwa anafanya biashara ndogo, bila mkopo mkubwa. Faida yake ilikuwa kidogo na hakuna aliyemfuata. Wiki aliyothubutu zaidi, jina lake lilipanda kwenye orodha, wafuasi wakaja. Akathubutu tena. “Nilipokuwa mwangalifu hakuna aliyeniona,” alisema.

Hapo tulielewa kwamba tabu haikuwa roho mbaya ya mtoto wetu. Kiongozi wa namna hii analipwa akipanda na halipishwi wafuasi wakianguka. Orodha inamweka juu aliyepata faida kubwa mwezi huu, na mara nyingi aliyepata faida kubwa ndiye aliyejiweka kwenye hatari kubwa.

Wataalamu wa uchumi wamelichunguza jambo hili. Jose Apesteguia, Jörg Oechssler na Simon Weidenholzer walitoa utafiti wao mwaka 2020 katika jarida la Management Science. Waliwapa watu nafasi ya kuona mafanikio ya wengine, na kundi jingine wakalipa pia nafasi ya kunakili kwa kubonyeza. Walioona mafanikio ya wengine walijiingiza kwenye hatari zaidi kuliko walioamua peke yao, na waliopewa nafasi ya kunakili walizidi hata hao.

NA WALE WASIO WAKWELI

Kijana wetu alikuwa mkweli. Lakini mlango huohuo unapitwa na wengine.

Wazee wetu hawajasahau Bindo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wa Zaïre, watu wa Kinshasa walipeleka akiba zao huko kwa ahadi ya kurudishiwa mara kadhaa baada ya muda mfupi. Wa kwanza walilipwa kwa makuta ya waliokuja nyuma, wakaita ndugu zao. Mwaka 1991 Bindo ilianguka na akiba za watu zikaenda nayo.

Miaka karibu thelathini baadaye, Afrika Kusini, kampuni iliyoitwa Mirror Trading International ilikusanya Bitcoin za watu ikisema mashine yake inafanya biashara kwa niaba yao na kuleta faida kila siku. Mkuu wake, Cornelius Steynberg, alikimbilia Brazil. Mwaka 2022 shirika la serikali ya Marekani linalosimamia masoko hayo, CFTC, lilimshtaki likisema alipokea zaidi ya Bitcoin 29,000, zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 1.7. Mwaka 2023 mahakama ya Marekani iliamuru alipe kiasi hicho kwa walioumizwa. Steynberg alikufa Brazil mwaka 2024.

Kuna hila nyingine ndogo, inayofaa hata kwenye kikundi cha WhatsApp. Mtu anaandikia watu 32. Nusu anawaambia bei itapanda, nusu anawaambia itashuka. Wiki inayofuata anawaacha 16 aliowadanganya, anawagawa tena wale 16 wengine. Wiki ya tatu anagawa 8. Mwishoni kuna watu wanne ambao wameona ametabiri sawa mara tatu mfululizo. Kwao ni nabii. Hao ndio anaowaomba makuta.

Na soko lenyewe linaweza kuanguka. FTX ilikuwa miongoni mwa masoko makubwa ya kripto duniani. Mwezi wa 11 mwaka 2022 ilifilisika, na waliokuwa wameweka akiba humo hawakuweza kuzitoa.

TULICHOAMUA

Sisi wa Ubundu tunaishi mahali ambapo watu wanashuka kwenye mto na kupanda reli, kwa sababu maporomoko ya Boyoma hayaruhusu boti kufika Kisangani. Ndiyo sababu ya ile reli ya kilomita 125 iliyomalizika mwaka 1906. Kwenye maji yetu, anayeongoza pirogi yumo ndani ya pirogi. Ikipinduka, naye analowa, na anajua ni mtoto wa nani amekaa nyuma yake. Mama anayeshika daftari la likelemba ni vilevile: jina lake limo, makuta yake yamo, nyumba yake tunaijua. Kiongozi wa kwenye simu ana pirogi yake, na yetu imefungwa nyuma kwa kamba. Hata akiwa mtoto wetu, hatuoni.

Basi tulipiga kura. Mama 15 walikataa sanduku lisiguswe, 6 walikubali, 3 walinyamaza. Sanduku limebaki na dola zake 480. Hatukumfukuza mtu, wala hatukumwita mtoto wetu mwizi. Aliyetaka kujaribu kwa makuta yake mwenyewe hatumkatazi. Lakini tunamwomba ajibu maswali haya kwanza, mbele ya mume wake au dada yake, siyo peke yake usiku:

Makuta haya yakipotea yote kesho asubuhi, ni nani atakosa kula, dawa au shule? Kama kuna jina, acha.

Kiongozi ameweka kiasi gani chake mwenyewe? Kama ni kidogo kuliko anachokata kwa wengine, acha.

Anatumia mkopo wa mara ngapi? Asiyejibu kwa namba, acha.

Aliwahi kupoteza kiasi gani katika siku yake mbaya kuliko zote? Usitazame mwezi mzuri peke yake. Tazama historia nzima, angalau mwaka.

Umeweka mpaka wa hasara? Masoko mengi yanakuruhusu kuandika: akiba ikishuka mpaka hapa, acha kumfuata. Sisi ambao simu inazimika na rezo inakatika, bila mpaka huo tumelala mlango wazi.

Na kama mtu anaahidi faida ya hakika kila siku, au anakuomba umtumie makuta mkononi mwake, au anakulipa ukileta jirani, usiulize swali lingine. Ondoka.

KWA VIJANA WETU

Tuna neno pia kwa watoto wetu wa kiume na wa kike wanaotaka kuongoza. Hatuwakatazi kujifunza. Lakini kabla hamjafungua biashara zenu zifuatwe, jueni kwamba nyuma ya kila namba kuna mtu. Andikeni wazi hatari mnayochukua. Mkibadilisha namna ya kufanya biashara, waambieni wafuasi kabla, siyo baada.

Kijana wetu ameifunga nafasi yake ya kuongoza. Anasema ataendelea kwa makuta yake peke yake, mpaka ajue anafanya nini. Kabla ya kurudi Kisangani alimpa yule mama dola 2 alizokata katika faida yake. Mama hakutaka kuzipokea. Mwishoni alizipokea, kwa sababu alimwona anataka kulia.

Bado kuna minervali ya watoto wawili. Alhamisi hii kila mmoja aje na anachoweza, hata franka 2,000. Hatutatoa kwenye sanduku, kwa sababu kanuni zake haziruhusu hasara ya biashara. Tutachanga kwa mikono, kama tulivyomchangia yule kijana zamani. Tukutane saa tisa, mahali petu pa kawaida.