NYUMBA INAWEZA KUSAIDIA MGONJWA AO KUMUUA



Katika namba hii sisi wa darasa la mwisho tunataka kueleza kazi moja ambayo wengi kati yetu hatuijui vizuri, ni kazi ya arshitekte. Tukiuliza watoto wa mwaka wa kwanza, wanajibu: "Ni yule anayejenga nyumba." Hapana. Anayejenga ni fundi. Arshitekte ni yule anayefikiri nyumba mbele ya fundi kushika mwiko. Anaangalia jua linatoka wapi, upepo unapita wapi, maji ya mvua yatakwenda wapi, na watu watakaokaa mule watafanya nini. Kiisha anachora plani, na fundi anaifuata.

Maarshitekte wengi hawafanyi kazi peke yao. Wanakuwa na biro, pahali wanapokaa pamoja wakichora na kubishana. Biro kama hizo zikitimiza miaka kumi ao makumi mawili, mara nyingi hazifanyi karamu tu. Zinaita watu wote, hata wale wasiosoma mambo ya ujenzi, waje kusikiliza konferansi. Mwenye kuchora anasimama mbele ya watu, anaonyesha plani, anaeleza sababu gani alichora hivi na si vile, kisha watu wanamuuliza. Mtu atasema: sikukuu gani hiyo isiyo na wali wala nyama? Tuchukue mfano wa biro moja iliyofanya kazi karibu na sisi, na hata katika inchi yetu, tutaona kwamba desturi hii ina maana.

Biro hiyo inaitwa MASS Design Group. Ilianzishwa mwaka 2008 na wanafunzi wa universite ya Harvard, kule Marekani. Wawili wanaojulikana zaidi ni Michael Murphy na Alan Ricks. Kwa hiyo ilitimiza miaka 10 katika 2018, na miaka 15 katika 2023. Lakini mzizi wake ulikuwa konferansi. Murphy alipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, katika 2006, alikwenda kumsikiliza munganga Paul Farmer, ambaye alijulikana kwa kutunza maskini katika Haiti na Rwanda. Nyuma ya mazungumzo alimkaribia na kumuuliza ni maarshitekte gani wanaomsaidia kujenga hospitali zake. Akaelewa kwamba hakuna. Ulizo moja la mwanafunzi mmoja, kiisha mwanafunzi huyo akafunga safari kwenda Rwanda. Angalieni basi: kama munganga angesema na waganga wenzake tu, mlango ukifungwa, biro ile pengine isingezaliwa.

Sasa tueleze sababu gani hospitali inahitaji arshitekte.

Mwaka 2006 dunia ilisikia habari mbaya kutoka Tugela Ferry, katika Afrika ya Kusini. Kulionekana kifua kikuu cha namna ambayo dawa karibu zote hazikiwezi. Wagonjwa 53 walipatikana nacho, na 52 kati yao walikufa. Waganga walipochunguza, waliona kwamba wengi wao walikuwa wamelala hospitalini mbele ya kuugua hivyo. Ni kusema, mtu alikwenda kutafuta uzima, akakutana na mikrobe palepale.

Mikrobe ya kifua kikuu haipiti kwa kusalimiana kwa mkono wala kwa kula sahani moja. Inapita kwa hewa. Mgonjwa anakohoa, matone madogo sana yanabaki yakielea katika chumba kwa saa nyingi, na mwingine anayavuta. Kama hewa inasimama, matone yanazidi kuwa mengi. Kama hewa inatembea, yanatoka inje na kupotea. Kwa hiyo dirisha nalo ni dawa.

Hii si maneno matupu, ilipimwa. Katika mji wa Lima, inchi ya Peru, wataalamu walipima hewa katika hospitali 8 na wakatoa matokeo mwaka 2007. Katika vyumba vyenye madirisha na milango wazi, hewa yote ilibadilika mara 28 hivi kwa saa moja. Tugawanye 60 kwa 28: ni kila dakika mbili na kidogo. Katika vyumba vya kisasa vyenye mashini ya kusukuma hewa, ilikuwa mara 12, ni kusema kila dakika tano. Na majengo yaliyoshinda yote yalikuwa yale ya zamani, yenye dari ya juu na madirisha makubwa. Nyumba ya mzee ilishinda mashini ya bei kali!

Basi, hospitali ya Butaro, kaskazini ya Rwanda, ilichorwa kwa akili hiyo. Ilifunguliwa mwaka 2011. Wachoraji waliondoa korido ya katikati, ile ambamo wagonjwa wanasongamana wakingoja na kukoholeana. Korido zikawekwa inje, kwenye baraza. Vitanda havikupangwa kuelekea katikati kama desturi. Vichwa vyake viliegemezwa kwenye ukuta mfupi wa katikati, na kila mgonjwa anaangalia dirisha na milima. Juu kuna ventilateri kubwa zinazozunguka polepole kupandisha hewa, na taa maalumu zinazoua mikrobe.

Kuta zilijengwa kwa majiwe meusi ya volkano. Wandugu zetu wanaotoka Goma wanayajua, maana wanayakanyaga kila siku. Wakulima kule waliyaona kuwa taabu ya shamba tu. Mafundi wa pale, wanaume na wanawake, waliyachonga na kuyapanga vizuri hata ukuta ukawa kitu cha kutazamwa. Na udongo wa kiwanja ulichimbwa kwa mikono, hapana kwa trakta kubwa, kusudi maelfu ya watu wa pale wapate mshahara. Kwa hiyo feza ya ujenzi haikutoka yote kwenda kwa wenye mashini. Nyingine ilibaki katika nyumba za watu.

Katika inchi yetu vilevile biro hiyo ilichora shule ya msingi ya Ilima, ndani ya pori la Tshuapa, pamoja na shirika la African Wildlife Foundation. Ilikwisha mwaka 2015. Barabara ya kufika kule ni ngumu, kuleta simenti na mabati ni hasara. Kwa hiyo karibu vitu vyote vilitafutwa palepale: matofali ya udongo wa pale, na paa la vipande vya mbao ngumu vilivyopasuliwa na watu wenyewe. Paa liliinuliwa juu ya kuta, hewa na mwanga vipite katikati. Faida ni hii: siku kipande kimoja kikioza, hawangoji kamyo kutoka mbali. Wanajua mti, wanajua fundi.

Sababu gani tunaandika haya yote? Wote tunajua kwamba komite ya wazazi inataka kujenga dortwari mpya wakati wa likizo kubwa. Ya sasa tunaifahamu sisi tunaolala mule: vitanda vinagusana, madirisha ni madogo na yako upande mmoja tu, na usiku yanafungwa shauri ya baridi na wezi. Mwaka uliopita wandugu wawili walirudi kwao na kikohozi cha muda mrefu. Hatusemi nyumba ndiyo iliwapa ugonjwa, maana sisi si waganga. Lakini inchi yetu ni moja ya zile zenye wagonjwa wengi wa kifua kikuu duniani, na hewa ya mule asubuhi kila mtu anaijua.

Watu watajibu kwamba feza ni kidogo. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kufikiri mbele. Dirisha likichorwa mbele ya ukuta kupanda, bei yake ni ndogo. Kulitoboa nyuma ni kazi mara mbili. Hata kama hatuna arshitekte, kuna maulizo matatu ambayo hayaombi franga hata moja. La kwanza: upepo wa hapa unatoka wapi, na je, kutakuwa na madirisha pande mbili, uingie huku utokee kule? La pili: juu ya kuta kutakuwa na nafasi yenye wavu ao fito, hewa ya joto itoke hata madirisha yakifungwa usiku? La tatu: vitanda vingapi vitaingia mule, na nani atakataa siku wakitaka kuongeza?

Tumeomba ruhusa kwa mkuu wa shule, na amekubali. Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nane, katika salle kubwa, mmoja wa wajenzi wa komite atakuja na plani ya dortwari. Ataieleza mbele ya wote, interna na externa, na kila mtu ana haki ya kuuliza. Hii itakuwa konferansi yetu. Wandugu wa kalasi ya biolojia, tunawaomba mpime dortwari ya sasa mbele ya siku ile: urefu, upana, kimo, ukubwa wa madirisha na hesabu ya vitanda. Ulizo lenye namba ni vigumu kulikwepa.

Kwa niaba ya wakubwa wa wanafunzi,
Darasa la mwisho