Kabla hujaamini mtihani wa akili wa mwanao

Mzazi akija kwangu na karatasi inayosema kwamba mwanawe ana akili pungufu, huuliza kwanza: mtihani huo ulitungiwa watoto gani?

Kipimajoto hupima joto la mwili vilevile, mgonjwa awe wa Kangemi au wa London. Mtihani wa akili sivyo. Hupitia lugha, penseli na mazoea ya kujibu maswali ya mtu mgeni. Mtoto akiulizwa maana ya maneno ya Kiingereza ambayo hajawahi kuyasikia, hapo hapimwi akili, msomaji wangu, anapimwa Kiingereza.

Chukua mfano wa Usenge, kando ya Ziwa Victoria. Robert Sternberg na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2001, waliwapima watoto 85 wenye umri wa miaka 12 hadi 15. Pamoja na mitihani ya kawaida, waliwauliza kuhusu miti-shamba: ipi hutibu nini, na kwa kipimo gani. Waliozijua sana dawa hizo walielekea kupata alama za chini katika baadhi ya ile mitihani mingine. Je, hao ni wajinga? Mahali ambapo minyoo na malaria ni jambo la kila siku, mtoto anayejua dawa ametumia akili yake barabara.

Huko Embu nako, watoto wa miaka saba waliopimwa mwaka wa 1998 waliwapita wenzao wa 1984 katika mtihani wa mafumbo ya picha, usiotegemea maneno. Damu ya watu haibadiliki kwa miaka 14. Watafiti walitaja lishe, afya na elimu ya wazazi.

Sisemi mitihani hii itupwe. Humsaidia mtoto anayehitaji mafunzo maalum kutambuliwa mapema. Lakini muulize aliyempima mwanao: amelinganishwa na watoto wa Kenya au wa ng'ambo? Mtihani ulitafsiriwa tu, au ulijaribiwa upya hapa? Akipimwa tena, matokeo yatakaribiana? Mtaalamu anayeijua kazi yake hakasiriki akiulizwa hayo.

Kisha mpeleke mtoto hospitalini apimwe macho, masikio na damu, maana asiyesikia vizuri au aliyepungukiwa na damu huonekana mzito darasani. Na ikibidi arudie mtihani, siku hiyo awe amelala vya kutosha na kunywa chai.