Msaidizi wa kompyuta anayejua kunyamaza

Waliotumia kompyuta za ofisini mwishoni mwa miaka ya 1990 hawajakisahau kile kibanio cha karatasi chenye macho makubwa. Kilikuja ndani ya programu ya Office 97 ya kampuni ya Microsoft, na kazi yake ilikuwa kusaidia. Ukianza barua ya Kiingereza kwa kuandika "Dear", mara kinachomoza pembeni mwa kioo na kukwambia kwamba kinaona unaandika barua, je, ungependa msaada? Unakifukuza. Kesho ukiandika barua nyingine kinarudi na swali lile lile, kana kwamba hamjawahi kuonana.

Jina lake rasmi lilikuwa Clippit, watu wakamwita Clippy. Alichukiwa mno, hata mwaka 2001 ilipotoka Office XP Microsoft yenyewe ilimzima asitokee mpaka aitwe, na ikamfanyia mzaha katika matangazo yake. Office 2007 ilitoka bila yeye.

Tunamkumbusha sasa kwa sababu wajukuu zake wamejaa maofisini. Tangu ChatGPT ilipotolewa mwezi Novemba 2022, makampuni yamekimbilia kutia akili bandia, au akili mnemba kama wengi wanavyoiita Tanzania, ndani ya barua pepe, majedwali ya hesabu na mikutano ya video. Mfanyakazi anafungua kompyuta asubuhi na kukuta kitufe kipya kinachojitolea kumfupishia, kumwandikia au kumjibia. Mara nyingi hakuulizwa. Na akikiangalia kitufe hicho kwa jicho la mashaka, huo si ushamba. Ripoti ikiwa na kosa, atakayeitwa kujieleza ni aliyetia saini, mashine haiitwi.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba nyuma ya Clippy kulikuwa na utafiti wa maana. Katika maabara ya Microsoft, mtaalamu Eric Horvitz na wenzake walianza mwaka 1993 mradi ulioitwa Lumiere. Walitumia hesabu za uwezekano kukisia mtumiaji anataka kufanya nini, na pia kama kweli anahitaji kusaidiwa. Kilichofika sokoni kilikuwa kipande tu cha kazi hiyo. Ule uwezo wa kumjua mtumiaji na kukumbuka kwamba huyu amekwisha kuwa fundi uliachwa nje.

Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu uliofanyika Pittsburgh, Marekani, Horvitz alitoa kanuni ambazo mpaka leo tunaona hazijapitwa na wakati. Mfano wake ulikuwa programu iliyosoma barua pepe na kutambua kwamba ndani yake mna miadi. Ikiwa haina hakika, inakaa kimya. Ikiwa na hakika ya wastani, inauliza. Ikiwa na hakika kubwa, ndipo inafungua kalenda yenyewe. Alisisitiza pia kwamba kumkatiza mtu aliyezama kazini kuna gharama, na gharama hiyo lazima iingizwe kwenye hesabu kabla ya kufungua mdomo. Kwa maneno mengine, msaada hata ukiwa sahihi unaweza kuwa hasara.

Sisi tunaoandika Kiswahili tunalijua hilo vizuri. Ule mstari mwekundu wa mawimbi ulioanza kuonekana katika Word ya mwaka 1995 ni msaidizi mstaarabu: hauulizi kitu, hauzuii vidole, unasubiri. Lakini andika ukurasa wa Kiswahili katika kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza, ukurasa wote unakuwa mwekundu kama umemwagiwa damu. Baada ya siku mbili macho yanazoea, na hata kosa la kweli likitokea hatulioni tena. Mbaya zaidi ni ule usahihishaji unaofanywa kimyakimya. Andika "Amani i wapi?" nayo kompyuta inaigeuza ile "i" kuwa herufi kubwa, kwa kudhani umekusudia "mimi" ya Kiingereza. Mstari mwekundu tunaweza kuupuuza. Huyu wa pili amekwisha kutia mkono katika kazi yetu, na tusipomkamata jina lililo juu ya habari ni letu.

Google ilipoleta mwaka 2018 njia ya kumalizia sentensi katika Gmail, ilichagua maandishi ya kijivu yanayotokea mbele ya kalamu. Ukiyataka unabonyeza Tab. Usipoyataka unaendelea kuandika, nayo yanatoweka bila kuuliza kwa nini. Kukataa hakukugharimu hata nukta moja, na kwa maoni yetu hapo ndipo ubora wake ulipo kuliko katika werevu wa makisio. Mwaka huo huo Google iliamua programu isikisie kabisa viwakilishi vya jinsia vya Kiingereza, baada ya kuonekana kwamba mwekezaji ilimdhania kuwa mwanamume. (Kiswahili na "yeye" yake kingewaepusha na aibu hiyo.) Kunyamaza pale unapojua utakosea ni usanifu pia.

Hospitalini mambo ni mazito zaidi. Kompyuta zinazotumiwa na madaktari kuandikia dawa hutoa onyo dawa mbili zisipopatana. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na wataalamu wa Uholanzi mwaka 2006 ulionyesha kwamba maonyo hayo yalirukwa kati ya asilimia 49 na 96. Maonyo yakiwa mengi na mengi yakiwa hayana uzito, mkono unajifunza kuyafunga kabla jicho halijasoma, na lile moja la kuokoa maisha linaondoka na mengine. Anayetengeneza chombo akadhani kupiga kelele zaidi ndiko kusaidia zaidi, ajiulize kelele hizo zinamfundisha nini muuguzi wa zamu ya usiku.

Mwezi Mei 2024 Microsoft ilitangaza Recall, inayopiga picha kioo cha kompyuta kila baada ya muda mfupi ili uweze kutafuta ulichokiona jana. Haikumkatiza mtu hata mara moja, lakini wataalamu wa usalama waliishambulia. Mwezi Juni kampuni ilitangaza kwamba haitawaka mpaka mwenyewe aiwashe, kisha ikaiahirisha. Ilitolewa rasmi Aprili 2025. Kumbe kutosumbua peke yake hakutoshi. Anayekaa kimya huku akiandika kila ufanyacho si msaidizi.

Liko na lingine ambalo halimo mikononi mwa msanifu. Microsoft huwapa wakubwa wa makampuni ubao wa takwimu unaoonyesha jinsi idara zinavyokitumia chombo chake cha Copilot. Panapohesabiwa hivyo, kukipuuza kitufe si bure tena. Chombo kipya kikiletwa ofisini kwenu, basi, ulizeni kama kinazimika, kama kitabaki kimezimwa programu itakaposasishwa, na ni nani atakayeona kwamba kimezimwa.